Gesi ya Friji Haiishi, Inavuja: Stori ya Miaka Mia ya Tundu Dogo

Kila mtaa una dada wa barafu. Unamjua. Ana friji moja sebuleni, karatasi imebandikwa dirishani: "Barafu za ubuyu, maji ya baridi, juisi." Watoto wakitoka shule wanajazana pale na shilingi zao mkononi. Ile friji si pambo la sebule. Ndiyo mtaji, ndiyo ada ya mtoto, ndiyo kodi ya nyumba.

Sasa siku moja barafu hazigandi. Dada anasubiri mpaka kesho yake, bado uji. Anaitwa fundi. Fundi anagusa nyuma ya friji, anasikiliza kidogo, anatikisa kichwa.

"Dada, hapa gesi imeisha."

Hela inatoka, gesi inaingia, barafu zinaganda. Miezi miwili haijapita vizuri, uji tena. Anaitwa fundi mwingine. "Dada yangu, gesi imeisha hii." Inajazwa. Baada ya muda, mambo yale yale. Majirani wanaanza kumshauri aiuze, eti friji ya mtumba imechoka, inakunywa gesi kama lori linavyokunywa dizeli.

Na hapo ndipo watu wengi wa mjini wanapopigwa bila kujua. Friji hainywi gesi. Haijawahi kunywa gesi tangu siku ya kwanza ilipobuniwa. Ukisikia gesi "imeisha", maana yake ni moja tu: kuna mahali imetoka. Na hilo tundu dogo lina historia ndefu kuliko unavyodhani. Limeua familia, limetoboa anga, na limekutanisha nchi za dunia nzima Kigali.

Mtungi wa jikoni na friji ni vitu viwili tofauti

Gesi ya kupikia inaisha kwa sababu unaichoma. Moto ukiwaka, gesi imekwenda. Ndani ya friji hakuna kinachochomwa. Gesi inazunguka tu, kama daladala ya njia moja: inapakia joto ndani, inashusha nje, inarudi kupakia tena.

Iko hivi. Kompresa, lile dude jeusi la mviringo kule nyuma chini, inaibana gesi mpaka inapata joto. Gesi inapita kwenye mabomba ya nyuma au ya ubavuni, inapoa na kugeuka kimiminika. Ndiyo maana ukigusa pale unasikia moto. Kile kimiminika kinapitishwa kwenye kibomba chembamba sana, kinafika friza na kuchemka kuwa gesi upya. Kikichemka kinavuta joto la chakula chako, kama spiriti inavyokupoza mkono nesi akikupaka kabla ya sindano. Halafu gesi inarudi kwenye kompresa, safari inaanza tena.

Wazo hili si la jana. Hati ya ubunifu ya mashine ya namna hii ilichukuliwa London mwaka 1834 na Mmarekani aliyeitwa Jacob Perkins. Umeme wa majumbani haukuwepo, lakini kanuni ilikuwa hiyo hiyo: gesi inazunguka kwenye njia iliyofungwa, haitoki. Mabomba yakibaki mazima, gesi iliyowekwa kiwandani inaweza kukaa humo miaka ishirini na zaidi.

Kwa hiyo tangu mwanzo, adui wa friji ni mmoja: tundu.

Wakati tundu lilipokuwa linaua usiku

Friji za umeme za majumbani zilianza kushika kasi Marekani kati ya mwaka 1913 na miaka ya 1920. Kabla ya hapo watu walikuwa na kabati la mbao lenye bonge la barafu ndani, na jamaa wa barafu alipita nyumba kwa nyumba na gari la farasi. Friji ya umeme ikaonekana kama muujiza. Hakuna tena kumsubiri jamaa wa barafu.

Lakini gesi zilizokuwa ndani yake zilikuwa balaa. Amonia, ambayo inachoma macho na koo. Salfa dayoksaidi, yenye harufu ya kiberiti kilichowashwa mara mia. Na methili kloraidi, ambayo ndiyo ilikuwa mbaya kuliko zote kwa mtu aliyelala, kwa sababu harufu yake ni hafifu. Amonia ikivuja unakurupuka mwenyewe na kukimbilia nje. Methili kloraidi ikivuja, unaweza kuendelea kulala.

Katikati ya miaka ya 1920, magazeti ya Berlin yaliandika habari ya familia moja. Baba, mama na watoto wao walikutwa wamekufa nyumbani. Friji yao ilikuwa imevuja usiku na wao wakavuta ile hewa. Historia haikuwatangaza watu hawa. Hawakuwa maarufu, walikuwa familia ya kawaida iliyonunua kitu cha kisasa ili maziwa ya watoto yasichache.

Ila habari yao ilimfikia mtu maarufu kuliko wote wa wakati ule. Albert Einstein aliisoma, ikamuumiza. Akamwita kijana wa Kihungari aliyekuwa anafanya kazi Berlin, Leo Szilard, wakakaa chini kutafuta friji isiyoweza kuvuja. Hoja yao ilikuwa rahisi: gesi hupenyea kwenye viungo na kwenye vifaa vinavyozunguka, vinavyosuguana na kulika. Kwa hiyo tengeneza friji isiyo na kitu kinachozunguka. Walichukua hati nyingi za ubunifu, na ile ya Marekani ilitoka Novemba 1930.

Kama unashangaa mtu aliyetuletea nadharia za mwanga na muda alifuata nini kwenye friji, jibu ni hilo. Alifuata tundu lililoua watoto.

Friji yao haikufika madukani kama walivyotaka. Wakati wanahangaika, hali ilizidi kuwa mbaya upande wa pili wa bahari. Mwaka 1929 watu kadhaa walikufa Chicago kwa methili kloraidi iliyovuja kwenye friji majumbani mwao. Viwanda vikaona kabisa biashara inaelekea kufa. Nani ataweka sumu jikoni kwa hiari yake?

Jamaa aliyezima mshumaa kwa pumzi

Jibu la viwanda lilikuja na maonyesho. Mwaka 1930, mbele ya wanakemia wenzake wa Marekani, Thomas Midgley alivuta mapafuni gesi mpya aliyoitengeneza na timu yake, kisha akaipuliza juu ya mshumaa. Mshumaa ukazima. Ujumbe ukaeleweka: hii gesi haiui, na hailipuki.

Ndiyo ikaja kuitwa Freon. Ndani ya miaka michache ikatawala. Friji zikaingia majumbani kwa mamilioni, na hofu ya kufa usingizini ikaondoka. Kiukweli, kwa familia za wakati ule ilikuwa ukombozi.

Lakini angalia kilichotokea kwa lile tundu. Halikuondoka. Friji bado zilivuja, ila sasa kuvuja hakukuwa na harufu, hakukuwa na kifo, hakukuwa na kelele. Friji ikipungukiwa, inajazwa. Ikipungukiwa tena, inajazwa tena. Tundu likaacha kuwa dharura, likawa gharama ya kawaida. Tabia ya "jaza tu" inastawi mahali ambapo kuvuja hakumtishi mtu.

Kumbe ile gesi ilikuwa inapanda. Mwaka 1974 wanasayansi wawili, Mario Molina kutoka Mexico na Sherwood Rowland wa Marekani, walionyesha kwamba gesi za jamii ya Freon hazioziki huku chini. Zinapanda mpaka juu kabisa, jua linazivunja, na klorini yake inakula tabaka la ozoni, ile ngao inayotukinga na miale mikali ya jua. Wenye viwanda walibisha kwa miaka. Mwaka 1985 watafiti wa Uingereza waliokuwa Antaktika wakatangaza kwamba ozoni ya juu yao inapungua vibaya kila msimu wa kuchipua wa huko kusini. Ubishi ukapoa. Septemba 1987 ukatiwa saini Mkataba wa Montreal wa kuziondoa gesi hizo, na baadaye nchi zote za dunia zikauridhia.

Yaani tundu lile lile. Mwanzo liliua waliolala chumba cha pili. Safari hii lilikuwa linatoboa paa la dunia nzima.

Kutoka Saxony mpaka Kigali

Baada ya Freon, friji nyingi zikahamia gesi inayoitwa R134a. Ozoni ilikuwa salama nayo, ila kilo moja ya gesi hiyo ikitoka hewani inapasha joto dunia zaidi ya mara 1,000 kuliko kilo moja ya kaboni dayoksaidi. Hivyo Oktoba 2016 wawakilishi wa nchi za dunia walikutana Kigali, Rwanda, wakakesha kwenye mazungumzo, na kulipopambazuka wakawa wamekubaliana kuzipunguza hatua kwa hatua gesi za kundi hilo pia. Makubaliano hayo yanaitwa Marekebisho ya Kigali mpaka leo.

Mbadala ulishakuwepo. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, wanamazingira wa Greenpeace walishirikiana na kiwanda kimoja huko Saxony, Ujerumani Mashariki ya zamani, kilichokuwa kinakaribia kufungwa. Wakatengeneza friji inayotumia gesi za asili, propani na butani. Iliingia sokoni mwaka 1993. Viwanda vikubwa vilivyocheka mwanzoni vikafuata.

Kutokana na njia hiyo, friji nyingi mpya unazoziona madukani leo zimeandikwa R600a. Hiyo ni isobutani, ndugu wa damu wa gesi ya mtungi wako wa jikoni. Haigusi ozoni, haipashi dunia joto kwa kiasi cha kutisha, na friji ya nyumbani inahitaji gramu chache tu, mara nyingi chini ya 100.

Ila nayo ina sharti lake. Inawaka. Na tofauti na gesi ya kupikia, haikuwekewa ile harufu ya kukushtua. Kwa hiyo historia imezunguka na kurudi nyumbani: kwa mara nyingine, tundu la friji si kitu cha kupuuzia.

Kabla hujakubali kwamba "gesi imeisha"

Mara nyingi shida haiko kwenye gesi kabisa. Cheki haya kwanza, ni bure.

Taa ya ndani inawaka lakini friji iko kimya kabisa? Angalia kile kitufe cha kupunguza na kuongeza baridi, huenda mtu amekizungusha mpaka sifuri. Kama kiko sawa, shida inaweza kuwa ya umeme wa ndani, siyo gesi.

Inajaribu kuwaka, inanguruma kidogo, inasema "tak" na kuzima, halafu baada ya dakika chache inarudia? Huenda umeme ni mdogo, au kile kifaa kidogo cha kuiwashia kompresa kimekufa. Hicho kinabadilishwa, na huwa ni rahisi kuliko kompresa nzima. Usikubali kuuziwa kompresa kabla hakijapimwa.

Umeme umekatika na kurudi? Friji inahitaji kama dakika tano za kupumzika ili msukumo wa gesi ndani ya mabomba utulie. Ikilazimishwa kuwaka hapo hapo, kompresa inaumia. Kazi ya kile kidude cha kulinda friji unachochomeka ukutani ndiyo hiyo: inachelewesha umeme makusudi na kuukata ukizidi au kupungua.

Friza inagandisha lakini chini hakupoi? Kwa friji zenye feni, mara nyingi barafu imeziba njia ya hewa au feni imekwama. Gesi ipo, baridi ipo, ila haishuki.

Maji yanajaa chini ya droo za mboga? Tundu la kutolea maji limeziba. Lizibue taratibu kwa maji ya uvuguvugu.

Mpira wa mlango je? Fungia karatasi au noti mlangoni, halafu ivute. Ikitoka kirahisi, joto linaingia hapo usiku na mchana. Na huo mpira nao una stori. Zamani milango ya friji ilifungwa kwa komeo la chuma ambalo huwezi kulifungua ukiwa ndani. Watoto waliojificha wakicheza kwenye friji zilizotupwa walikosa hewa na kufa. Mwaka 1956 Marekani ikatunga sheria kwamba kila friji lazima ifunguke kwa kusukumwa kutoka ndani. Mlango wa mpira wenye sumaku ukawa ndiyo kawaida. Kwa hiyo ukiwa na friji kuukuu yenye komeo nyuma ya nyumba, ng'oa mlango leo.

Mwisho, sogeza friji isibanane na ukuta, futa vumbi la mabomba ya nyuma, na usiweke sufuria la maharage ya moto ndani. Joto lisipopata pa kutokea, hata friji mpya itahangaika.

Na kama kweli ni gesi

Dalili zipo. Kompresa inafanya kazi bila kupumzika, mabomba ya nyuma hayapati joto kama zamani, na friza inashika barafu kipande kimoja tu huku kwingine kukiwa kukavu. Wakati mwingine unaona doa la mafuta kwenye kiungo cha bomba, kwa sababu gesi husafiri na mafuta ya kompresa.

Hapo usimuulize fundi bei ya gesi. Muulize, "Fundi, imetokea wapi?" Swali hilo moja linatenganisha mafundi wawili.

Fundi anayejua kazi atatafuta tundu kwanza. Ataweka msukumo wa naitrojeni, apake povu la sabuni kwenye viungo, na povu likicheua, tundu limejisema. Ataliziba. Atabadilisha filta, kwa sababu mfumo ukishafunguliwa unyevu huingia. Atanyonya hewa yote kwa pampu. Kisha ndiyo atapima gesi kwa mzani, ile ile iliyoandikwa kwenye kibandiko cha friji, kwa gramu zile zile. Friji ya R600a haijazwi R134a kwa sababu ndiyo aliyokuwa nayo kwenye begi. Na hakuna kuwasha moto wa kuchomelea kwenye bomba lenye R600a kabla haijatolewa yote, madirisha yakiwa wazi.

Atadai hela zaidi ya yule wa "jaza tu", na kazi itachukua muda. Piga hesabu ya kujaza mara tatu, halafu linganisha.

Kwa dada wa barafu

Sasa turudi sebuleni. Fundi wa tatu amefika. Hakuja amebeba mtungi. Anafungua friza, anapitisha kidole ukutani polepole, anamgeukia dada.

"Dada, barafu ikijaa humu huwa unaitoa na nini?"

Dada anakaa kimya kidogo. Kisha anakwenda jikoni na kurudi na kisu cha kukatia mkate, ncha imepinda.

Kumbe kuta za friza ya namna ile ni bati jembamba la alumini, na njia za gesi zinapita humo humo. Wiki ya sikukuu wateja walikuwa wengi, barafu imejaa mpaka mifuko haiingii, naye hakuwa na muda wa kusubiri iyeyuke. Akachokoa. Akasikia "psss" fupi, akadhani ni barafu inapasuka.

Alikuwa na bahati. Friji yake ni ya zamani, R134a, gesi isiyowaka kirahisi. Ingekuwa R600a na jiko la mkaa liko karibu, ile "psss" ingeweza kuwa stori nyingine. Ukiisikia kwako, funika moto wowote, usiguse swichi za karibu, fungua milango na madirisha, na toa watu nje mpaka hewa ibadilike.

Fundi anaziba tundu, anafanya kazi yake mpaka jioni. Kesho yake asubuhi barafu ni mawe.

Siku hizi kila Jumapili usiku dada anazima friji, anaacha mlango wa friza wazi, anatandika dekio chini na kwenda kulala. Asubuhi anafuta maji, anawasha, maisha yanaendelea. Kisu kimerudi kwenye mkate.

Kwenu barafu ya friza mnaitoa na nini?